Juu ya Neno «Skulduggery» na Tafsiri Zake

Mwalimu wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu (wala si Rungwe ya Unyakyusa, walikoanza kazi Wamoravian mwaka 1891), akilikuta neno «skulduggery» katika kitabu cha Kiingereza, atajaribiwa kulivunja vipande viwili, fuvu na kuchimba. Hatuwezi kumlaumu sana, maana neno lasikika hivyo hata masikioni mwa Waingereza. Lakini kufasiri kwa sikio kuna hatari yake, nasi twataka kuionyesha.

Wajuzi wa lugha hulirudisha neno hili Uskoti. Huko, katika karne ya 18, «sculduddery» lilikuwa jina la uzinzi na maneno machafu. Baadaye, katika karne ya 19, lilionekana Marekani likiwa na umbo jingine na maana nyingine: ujanja mwovu utendwao sirini, hasa katika fedha, biashara na siasa. Basi neno latoka chumbani mwa mzinzi, halikutoka kaburini.

Kosa hili si dogo katika nchi ya Buha. Asikiaye habari za mafuvu yachimbwayo kwa siri atawaza uchawi mara moja. Nalo neno uchawi si la kuchezewa, kwa kuwa katika sehemu za magharibi na kaskazini ya Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kutajiwa neno hilo tu. Karani aliyepunja mizani ni mdanganyifu. Asifanywe mchawi na tafsiri ya mwalimu.

Kiswahili kina maneno mengi ya jamaa hii, wala hayalingani. Hila ni mbinu ya akili, na mtu aweza kuitenda peke yake. Njama ni shauri la faragha la watu kadhaa. Hakuna alaye njama na nafsi yake. Hiana yataka kwanza mtu awe ameaminiwa: adui hawezi kukufanyia hiana, rafiki aweza. Magendo ni biashara ikwepayo ushuru na sheria, na wakaao karibu na mpaka wa Burundi hawahitaji kufundishwa maana yake. Hujuma asili yake ni shambulio, lakini sasa hutajwa pia kwa uharibifu wa chini kwa chini. Lilivuma sana mwaka 1983, serikali ya Tanzania ilipowaandama wahujumu uchumi.

Hata hivyo ndugu halisi wa neno la Kiingereza, kwa historia yake, ni ufisadi. Zamani fisadi alikuwa mwasherati, mpotoshaji, mharibifu wa wake za watu. Leo, hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, mabishano juu ya mikataba na fedha za serikali yalipopamba moto, fisadi ni mla mali ya umma. Hivyo lugha mbili zisizo na udugu zimepita njia moja, kutoka dhambi ya chumbani hadi dhambi ya ofisini. Twadhani sababu ni kwamba dhambi zote mbili hupenda giza, na zote mbili huvunja agano.

Lakini hatushauri kutia ufisadi kila mahali. Neno hili limekuwa zito mno. Mtunza ghala aliyeficha gunia moja la maharagwe, ukimwita fisadi, wamtwika mzigo usio wake. Ukimwita mjanja, wamsifu. Yampasa mfasiri aulize kwanza: Ni nani aliyetenda? Alitenda pamoja na nani? Ni nani aliyemwamini? Majibu yenyewe yatamletea neno lifaalo. Yasipopatikana, na aandike «matendo maovu ya siri». Maneno hayo ni marefu, tena hayana utamu, lakini hayamsingizii mtu.

Twawaomba walimu na wachungaji kuliangalia jambo hili kuliko watu wengine, kwa kuwa wasemalo darasani na mimbarani asubuhi hurudiwa sokoni jioni, na pale sokoni hakuna wa kulisahihisha. Amri ikatazayo kumshuhudia jirani uongo yamhusu mfasiri pia.