Mtafsiri wa Filamu na Mapenzi ya Kifaransa

Mtafsiri wa filamu hushika maiki, akapunguza sauti ya waigizaji na kuwasemea wote kwa Kiswahili: bwana, bibi, mtoto, ikibidi hata mbwa. Ufundi huu ulitangulia Uganda, ambako wasimulizi huitwa viijei, ukaja kushamiri katika vibanda vya video vya Tanzania. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliutia heshima hadi watazamaji wakawa wanauliza nani katafsiri kabla ya kuuliza nani kaigiza. Sauti za akina DJ Mack zikafuata, kwenye DVD na sasa kwenye flashi na simu.

Mji kama Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, una watazamaji wagumu. Mchimbaji mdogo aliyetoka duarani, au dereva wa lori la kwenda Rwanda, hakai kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo. Anataka kuhadithiwa.

Filamu za ngumi humbeba mtafsiri mvivu, maana teke halihitaji maelezo. Anayetaka kupimwa na ajaribu kichekesho cha mapenzi cha Kifaransa, ambamo watu hukaa tu na kuongea. Mfano ni L'Ami de mon amie ya Éric Rohmer, ya mwaka 1987, iliyofunga mfululizo wake wa filamu 6 zilizojengwa juu ya methali. Blanche, mtumishi wa halmashauri huko Cergy-Pontoise, nje kidogo ya Paris, anamzimikia Alexandre asiyemjali. Shoga yake Léa anaishi na Fabien. Léa anakwenda likizo. Blanche na Fabien wanajikuta wamependana.

Fundi hapa hageuzi neno kwa neno. Alexandre anakuwa brazameni wa ofisini, na kibanda kinamtambua mara moja. Fabien anakuwa Fabiano, jina lisilo geni katika mji wenye misheni ya White Fathers tangu 1891.

Pagumu ni mwishoni, mgahawani. Léa anaungama kuwa ana mpenzi, lakini hamtaji. Blanche anadhani ni Fabien amerudiwa, na moyo unampasuka. Kumbe ni Alexandre, na watazamaji wanajua. Mtafsiri amezoea kufafanua kila kitu, na papara ikimshika ataropoka jina na kuua kicheko. Fundi hunyamaza, akawaachia watazamaji wampigie Blanche kelele kwamba siye huyo, na hasemi jina mpaka Léa mwenyewe alitamke.