Nyayo za Elena

Mistari kama minane tu imeshapigwa kwenye karatasi ya manila, na tayari mpwa wangu ameweka penseli chini. Anafunga kokoto kwenye uzi wa cherehani. Hiyo ndiyo timazi yake, kama ya waashi, ila waashi wanapima ukuta na yeye anapima mtu. Anauning'iniza uzi mbele ya karatasi, anafumba jicho moja, anasubiri kokoto iache kuyumba. Uzi ukipita kiunoni kwa dada anayemchora kisha ukashukia kwenye kiganja alichokita chini, kazi inaendelea. Ukienda kando, anachukua ufutio.

"Angeanguka, mjomba," ananiambia, kana kwamba tumeokoa maisha ya mtu.

Dada mwenyewe ni Elena. Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, ilimtoa mwaka 1997 katika Street Fighter III, ikampa uraia wa Kenya, nywele fupi nyeupe, bangili za rangi shingoni na mikononi, na miguu mirefu isiyovaa kiatu. Hapigi ngumi. Anapigana kwa mateke tu, kwa mtindo wa capoeira, mchezo uliokulia Brazili mikononi mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa hiyo tuna Mkenya anayepigana Kibrazili kwa mkono wa Mjapani. Sina ugomvi na hilo. Zamani hizo wachoraji walimchora picha kwa picha, na hata akiwa amesimama tu anacheza, mabega na magoti hayatulii. Katika vibanda vya gemu vijana wengi wanamjua zaidi Eddy Gordo wa Tekken, naye mwana capoeira wa mwaka huohuo. Mpwa wangu alimchagua Elena aliposikia kwamba ni jirani.

Sisi wa umri wangu tulikuwa na Sani. Tulinakili katuni za lile jarida, Lodilofa na wenzake, nyuma ya daftari la hesabu, tukachapwa kwa kuharibu daftari. Tofauti ni kwamba sisi tulinakili: mstari wa gazetini uhamie daftarini, basi. Huyu kijana hanakili. Hakuna picha ya Elena iliyo mbele yake anapochora. Alishamtazama vya kutosha kwenye simu, akaizima. Anachokichora ni teke ambalo hajawahi kumwona Elena akilipiga, na anataka liwezekane.

Ndiyo maana hatua ya mwanzo inamchukua muda mrefu kuliko zote. Mstari wa kwanza ni mmoja tu, unatoka kisogoni unapita mgongoni mpaka kwenye kidole gumba cha mguu ulio juu, kama upinde. Kichwa ni yai. Kifua ni kikapu, nyonga ni bakuli lililoinama, mapaja ni magogo. Mtu akichungulia wakati huo ataona vyombo vya jikoni vilivyomwagika. Penseli anaichonga kwa wembe mpaka ncha inakuwa ndefu kama mwiba, na anaishika kwa mbali, karibu na mkia, ili mkono usianze kurembesha mapema. Hapa Sumbawanga, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Julai vidole vinakufa ganzi. Kila baada ya dakika chache anavitia kwapani.

Kusafisha mistari nitakupitisha haraka. Anapiga picha mchoro dirishani mchana, anauingiza kwenye simu yenye ufa kiooni, ndani ya programu ya Ibis Paint, halafu anapita juu ya penseli kwa kalamu aliyojitengenezea: biro iliyoisha wino, imezungushiwa karatasi ya foili, na pamba yenye unyevu kwenye ncha. Inafanya kazi. Mara nyingine simu inakwama, mara nyingine umeme unakatika chaji ikiwa asilimia nne. Anahifadhi kila baada ya dakika mbili, kama mtu anayehesabu kuku.

Utamu uko kwenye rangi.

Programu inamruhusu kupanga tabaka, moja juu ya nyingine, kama karatasi za kioo. Mistari inakaa juu kabisa. Chini yake anamwaga rangi bapa: ngozi, nywele, nguo, bangili, kila kimoja na tabaka lake, ili akikosea bangili asiiguse ngozi. Kati ya mistari na rangi hizo anaweka tabaka la kivuli, ambalo kazi yake ni kukoleza chochote kilicho chini bila kukifunika. Kueleza ni rahisi hivyo.

Mara ya kwanza alitia kivuli kwa rangi nyeusi. Elena akatoka amepakwa masizi, kama sufuria ya msibani. Kijana akanuna siku mbili. Sikumlaumu, maana sote tulilelewa na boksi la penseli za rangi ambamo ile ya waridi hafifu iliitwa rangi ya ngozi, na hakuna aliyetuambia ngozi zetu zinapakwaje. Siku ya tatu alitoka nje, akaenda kukaa standi. Nilidhani anasubiri mzigo kutoka nyumbani. Alikuwa anatazama watu.

Aliporudi aliniketisha karibu na dirisha, akanigeuza kichwa kama kinyozi. Paji langu la uso, akasema, lina bluu. Nikacheka. Akanionyesha kwenye kioo: asubuhi ya baridi mbingu yote inalala juu ya paji la uso wa mtu mweusi, na ukiitafuta utaiona. Kivuli cha shavuni si cheusi, kinaelekea zambarau, damu ya mzee. Na chini ya kidevu, mahali ambapo mtu angetarajia giza tupu, kuna wekundu kidogo unaopanda kutoka chini.

"Huo ni wa nyumbani," akasema.

Nyumbani kwao ni Kaoze, bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, karibu kilomita nzima chini ya huku juu kwetu. Kule jua linapiga udongo, udongo unalirudisha juu, na watu wanaangazwa kutoka chini kama wamesimama juu ya makaa. Akampa Elena huo mwanga. Chungwa lililofifia, mstari mwembamba chini ya taya, chini ya mkono, nyuma ya paja. Aliuweka, akaupunguza, akaufuta, akaurudisha. Jioni nzima iliishia kwenye mstari usiozidi upana wa ukucha, na ulipokaa sawa, yule dada alikuwa na uzito. Nywele zake nyeupe pia hazikupata nyeupe ila mahali pawili. Kwingine kote ni kijivu cha samawati, kama kanzu iliyoanikwa jua linapozama.

Mimi nilimwambia amemaliza. Akamtumia mama yake kwa WhatsApp.

Dada yangu hajui Capcom wala capoeira. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akatuma ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma yake. Akamsifu mwanawe, akauliza kama anakula, akauliza huyo binti ni wa nani. Halafu: "Lakini baba, mtu anayetembea peku, nyayo zake zinang'aaje hivyo?"

Kijana akaufungua mchoro upya. Akaukuza mguu ulio hewani mpaka unyayo ukajaza kioo chote, safi, laini, wa mtu asiyewahi kukanyaga chochote. Akaongeza tabaka. Akachagua rangi ya udongo wa bondeni, akaanza na kisigino.