Mafundi wa Nuru

Mtihani mkubwa wa mpiga picha wa Pwani ni kanzu nyeupe saa saba mchana. Akiipimia mwanga kanzu, uso wa mvaaji unazama gizani. Akiupimia uso, kanzu inaungua na kubaki doa lisilo na mkunjo wala darizi. Mafundi wa zamani waliufaulu mtihani huo bila kioo cha kuwaonyesha papo hapo walichokipata. Walitazama mawingu, wakakadiria kwa mazoea, wakabonyeza. Majibu waliyapata baadaye, katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu.

Huku Miteja, kusini ya Mto Rufiji, picha nyingi za ukutani zilikuja na wasafiri. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea njia ilikatika. Picha ilikuwa mali.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya fundi cherehani barazani. Futi kamba imening'inia shingoni, vitambaa vimekunjwa nyuma yake, wateja wamekaa mkekani wakisubiri. Mikono imetulia, kila ukucha unaonekana, lakini gurudumu la cherehani ni ukungu mtupu: mguu haukuacha kukanyaga. Mpiga picha angeweza kumwambia asimame wima, atazame mbele. Alimwacha na kazi yake. Anayetaka kujua biashara za enzi hizo zilivyokwenda, hapa atajua mengi kuliko kwenye daftari la kodi.

Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini wakati wa utawala wa Wajerumani, alikuwa hodari, na kazi zake zimehifadhiwa Ujerumani. Hata hivyo heshima yangu kubwa naiweka kwa mpiga picha aliyelipwa na mwenye sura. Mteja aliyeingia Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, alijichagulia nguo, mkao na wa kusimama naye.

Tena kuna kazi isiyosifiwa na mtu: kusuuza. Dawa ya kukazia picha ikibaki kwenye karatasi, miaka ikipita picha hugeuka manjano na kufifia. Penye maji ya ndoo, kishawishi cha kuharakisha kilikuwa kikubwa, na mteja asingegundua leo wala kesho. Aliyempiga picha fundi wetu hakuharakisha. Mende wamekula pembe za karatasi, lakini weupe ungali weupe, na tarakimu za ile futi zinasomeka.