Kitenzi "Scheme" na Hatari ya Kukifasiri

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vihusuvyo kupanga, "scheme" ni kimoja kinachohitaji hadhari kubwa ya mfasiri. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya umbo, lililopitia Kilatini. Na hapo mwanzo halikuwa na ubaya wowote.

Hata leo, likiwa jina, neno hili lina heshima yake Uingereza. Mradi wa karanga ulioanzishwa Tanganyika mwaka 1947, katika nchi za Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliitwa kwa jina hilo. Mradi huo uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya mamilioni ya pauni, lakini waliouita hivyo hawakukusudia kusema kuwa ni hila. Marekani, kinyume chake, jina hilo mara nyingi hunuka udanganyifu, kama ule wa Charles Ponzi uliofichuka Boston mwaka 1920.

Kitenzi chake hakina tofauti hiyo. Katika nchi zote mbili, atajwaye kwa kitenzi hiki amekwisha laumiwa. Kwa hiyo, mfasiri atumiaye "kupanga" peke yake humsafisha mtu aliyeshutumiwa. Katika Kiswahili hupangwa vyombo kabatini, hupangwa safari, tena hupangwa nyumba kwa kodi. Lawama haimo ndani ya kitenzi, bali huletwa na neno lifuatalo, kama vile katika "kupanga hila".

Wako wakimbiliao "kula njama". Tafsiri hiyo ina kosa la upande wa pili. Njama ni shauri la siri la watu, na mtu hawezi kula njama na nafsi yake. Mwingereza aweza kutumia "scheme" kwa mtu mmoja, akaaye peke yake akitafuta njia ya kumwondoa mkubwa wake kazini. Mfasiri akisema kwamba mtu huyo "alikula njama", amezua washirika ambao msemaji hakuwataja. Barazani jambo hili si dogo, kwa maana katika sheria zenye asili ya Kiingereza kula njama ni kosa mbali, nalo halitimii pasipo watu wawili au zaidi. Neno moja la mkalimani laweza kumtia shahidi kinywani shtaka asilolisema.

Basi, yafaa jina lifasiriwe "mradi" au "mpango", isipokuwa maneno yaliyolizunguka yakionyesha ulaghai. Kitenzi kifasiriwe "kufanya hila" au "kupanga hila", na pale siri inapotiliwa mkazo, yaongezwe maneno "chini kwa chini". "Kula njama" iwekwe akiba mpaka wenzi waonekane. Mfasiri atakayeuliza kwanza ni watu wangapi waliohusika, hatamwongezea mtu hatia wala hatampunguzia.