Kiingereza cha Kaunta Kinapokwamia

Winga wa Mtaa wa Congo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, yaani dalali anayewavuta wateja dukani, hana cheti cha Kiingereza, lakini mfanyabiashara aliyetoka Lusaka hamsumbui. "Welcome boss. How many pieces? This one original." Mteja akilalamikia bei, jibu liko tayari: "Tell me your price." Akizidi kubana inatoka "last price", na kikokotoo cha simu kinamaliza ubishi. Mjuzi wa lugha atasema hiyo "last price" ni bei ya mwisho iliyovalishwa suti, kwamba ilipaswa kuwa "best price". Sioni haja ya kuirekebisha. Mzambia anaielewa, Mmalawi anaielewa, Mchina mwenye kontena naye anaielewa.

Kinachostahili kuchambuliwa ni namna ilivyopatikana. Winga hakujifunza "how" leo, kesho "many", keshokutwa "pieces". Aliokota sentensi nzima mdomoni mwa mwenzake, pamoja na wakati wake: mteja akishika bidhaa, sema hivi. Mwaka 1993 Mwingereza Michael Lewis alitoa kitabu, The Lexical Approach, kudai kwamba lugha hukaa kichwani kwa mafungu yaliyokwisha kufungwa, si kwa neno mojamoja linalosubiri sarufi ije iliunganishe. Kariakoo hawakumsubiri.

Lakini njia hii ina mpaka, na mpaka huo unaonekana pale mteja anapouliza jambo lisilokuwamo kwenye akiba. "Have you run out of thirty-fours?" Run anaijua, ni kukimbia. Out anaijua, ni nje. Sasa nani kakimbilia nje? Mteja anauliza tu kama saizi 34 zimeisha. Mwingine anataka "try it on", yaani avae aone kama inamkaa. Anaomba "knock something off", apunguziwe. Anashawishi "throw in a belt", aongezewe mkanda bila kulipia. Anasema "put them aside", awekewe kando mpaka arudi na hela. Hakuna neno gumu hata moja hapo. Run, try, knock, throw na put ni maneno ya shule ya msingi. Vineno vinavyofuata nyuma ndivyo vilivyobeba biashara, na ndivyo vinavyomtupa mtu.

Vitenzi vya aina hii, ambavyo walimu huviita phrasal verbs, ndivyo Waingereza wanavyovitumia jikoni, dukani na kwenye basi. Shule zetu hazivipi nafasi kubwa. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mtoto anabadilishiwa, anasoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Clive Criper na William Dodd, walioikagua hali hiyo kwa ripoti yao ya 1984, walikuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaanze, si yamalizike. Na hata anayefaulu hupewa Kiingereza cha kitabu: postpone, tolerate, extinguish. Ndiyo maana kijana anaweza kueleza photosynthesis mstari kwa mstari kama ilivyo daftarini, akashindwa kumwambia mteja kwamba suruali zimeisha.

Yupo aliyewahi kujaribu kinyume chake. Charles Kay Ogden, Mwingereza, alitangaza mwaka 1930 Kiingereza chake cha maneno 850, Basic English, ambacho Churchill alikisifia mbele ya wasomi wa Harvard mwaka 1943. Katika hayo 850, vitenzi ni 18 tu: come, get, give, go, put, take na wenzao. Aliwezaje? Alivioanisha na vineno vya mwelekeo. Postpone unaiacha, unasema "put off". Extinguish unaiacha, unasema "put out". Kwenye karatasi hesabu inapendeza, kwa sababu put imekwisha kuhesabiwa, na off na out zimekwisha kuhesabiwa. Kichwani mwa mwanafunzi hesabu ni nyingine. Hakuna kitu katika put wala katika off kitakachomwambia kwamba zikikutana maana yake ni kuahirisha. Hilo ni neno la tatu, jipya kabisa, ambalo Ogden hakulihesabu. Wanaouza ahadi za "maneno 500 tu na utazungumza" bado wanatumia hesabu ileile.

Kwa nini vitenzi hivi vinatukwaza sisi hasa? Kiswahili hupenda kuimaliza kazi ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua, fungia, fungika: mzizi mmoja, mwisho unabadilika. Vaa na vua zimetenganishwa na irabu moja tu, wakati Kiingereza kinataka "put on" na "take off". Sikio lililokulia kwenye mnyambuliko linasikiliza kitenzi, na linachukulia kinachofuata, nje au chini au juu, kuwa ni mahali pa kweli. Haina maana kwamba dhana yenyewe ni ngeni. Mahakama inapotupilia mbali shauri hakuna faili linalorushwa dirishani, na kila msomaji wa gazeti anaelewa. Mwalimu angeanzia hapo angeokoa muda mwingi.

Angeokoa muda pia kwenye kosa linalosikika sana, "try on it". Ukisema "nimelijaribu" kuhusu shati, ile li umeibana ndani ya kitenzi, hukuiweka mwishoni. Kiingereza nacho kinafanya karibu hivyohivyo: try it on, pick me up, put them aside. Kiwakilishi kinakaa katikati. Ukitaja shati lenyewe una hiari, "try on the shirt" au "try the shirt on", lakini it na them hazina hiari hiyo. Vipo vitenzi vinavyokataa kupasuliwa, kama "look after" na "run out of", na hivyo vinajifunzwa kwa sentensi zake, kwa mtindo wa winga.

Tena mtaji upo tayari, umelala. Mtu anayesema hajui phrasal verb hata moja anapanda pikapu, anaenda hospitali kufanya chekapu, anaagiza chipsi za tekiawei, anamhurumia dereva aliyepata breki dauni, na simu yake ina bekapu. Kariakoo kuna maduka yasiyouza kingine ila mekapu. Tumevipokea vitenzi hivi vikiwa majina. Kinachobaki ni kuvifungua tena: pick up, take away, break down, back up, make up. Katika jina sauti inapanda mwanzoni, katika kitenzi inaelemea kile kineno cha mwisho. Tahadhari moja tu, maana huzaana. "Make up" ni pia kupatana baada ya ugomvi, na ni pia kutunga uongo. "Break down" ni ya gari, na ni ya mtu anayeangua kilio.

Vijitabu vya kujifunza Kiingereza vinavyopangwa kwenye vibaraza na kuuzwa kwa bei ya nauli havigusi haya. Vinatoa safu mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, neno kwa neno, kisha ukurasa wa nahau ambamo lazima inyeshe mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs". Nahau hiyo winga anaweza kufanya kazi mpaka azeeke bila kuisikia kwa mteja. Afadhali ukurasa huohuo ungepangwa kwa vineno: chini ya off viwekwe vya kutoa na kupunguza, knock off, take off, na lile "20% off" linaloning'inia madirishani; chini ya up viwekwe vya kufikisha mwisho, use up, wrap up.

Kwa hiyo, ombi kwa anayeandaa toleo lijalo: paka na mbwa wafutwe, waingie "run out of", "try on" na "throw in", kila kimoja ndani ya sentensi nzima ya dukani, mteja akiuliza na muuzaji akijibu. Wanunuzi wa kwanza watakuwa mawinga.