Kidole Gumba Kilipoachishwa Kazi

Ukiingia katika baa yenye mugithi, ule muziki wa Kikuyu wa gitaa unaochezwa kwa mstari kama treni, popote kati ya Ruiru na Thika usiku wa Ijumaa, usianze kumtazama mwimbaji usoni wala kofia yake ya kikauboi. Mtazame kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikishuka kwenye nyuzi nene kwa mpigo wa kwanza na wa tatu, na vidole vingine vikajibu kwenye nyuzi nyembamba kwa mpigo wa pili na wa nne, uko mbele ya mwanamuziki wa kantri hata kama hajui Nashville iko wapi. Lakini kama kidole hicho kimetulia, mkono mzima unakwaruza nyuzi zote sita juu chini, juu chini, na besi pamoja na ngoma zinatoka kwenye kibodi iliyo kando yake, basi cha kantri kilichobaki pale ni kofia.

Hapa Witeithie baa zimepakana na vyumba vya kupanga, na sauti ya spika hupenya ukutani utake usitake. Mtu hujikuta amekuwa msikilizaji. Wapenzi wa kantri ya Kikuyu wa rika la wazazi wetu wanasema imeharibika, na ukiwauliza imeharibika wapi, huyu anataja matusi, yule anataja vyombo vya umeme, mwingine anawalaumu vijana. Sikubaliani nao. Matusi ya mafumbo ni ya kale katika nyimbo za dansi, na magitaa ya umeme yamekuwepo tangu enzi za bendi walizozipenda wao wenyewe. Naona hitilafu iko mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: besi imeacha kuyafuata maneno.

Ili hoja hiyo ieleweke, turudi nyuma kidogo. Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, mtayarishaji wa santuri Ralph Peer alimrekodi mwimbaji Jimmie Rodgers na pia kundi la Carter Family, na rekodi hizo ndizo wengi huzihesabu kuwa mwanzo wa biashara ya kantri. Rodgers alikuwa na kasoro ambayo mwalimu wa muziki angemchapia: hakuheshimu vipimo. Neno likihitaji muda, aliongeza mpigo mmoja au miwili, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapigaji walioitwa kumsindikiza studio walihangaika naye. Lakini alipokuwa peke yake na gitaa lake, hapakuwa na tatizo, kwa sababu kidole gumba ni chake na kinasubiri mdomo umalize.

Rodgers alifariki Mei 1933. Santuri zake zilikuwa zimeanza safari ndefu, zikafika hadi kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa kinubi kumhusu kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu swara. Jina hilo lilitoka kwa Jimmie Rodgers. Watu hucheka wakikisikia kisa hiki. Mimi hukiona kuwa ushahidi wa kiufundi: hawakumwiga Rodgers kwa sauti wala kwa mavazi. Waliuchukua uvumi wa mtu huyo wakautia kwenye kinubi chao na kwenye mwendo wa lugha yao, na mpaka leo rekodi ile haifanani na nyingine yoyote duniani.

Miaka miwili baadaye Tracey huyo huyo, akiwa Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi kule Katanga, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda. Mwenda alipiga gitaa moja la mbao, kidole gumba na cha shahada, na kutoka humo zikatoka besi, ridhimu na solo kwa pamoja. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda, akasikika redioni akiitangaza dawa ya Aspro. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani kosa la mugithi ni mtu kukaa peke yake jukwaani. Sivyo. Mwenda alikuwa mtu mmoja na gitaa moja, na hakupungukiwa kitu.

Upande wetu wa Mlima Kenya, njia ilipitia mwomboko. Dansi hiyo ilizaliwa kutokana na wolsi na dansi za Waskoti zilizoletwa na wakoloni, ikachezwa kwa kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijichuma kingine: hatua mbili, kisha kuinama. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, ni miongoni mwa waliouhamisha mwendo huo hadi kwenye gitaa. Sikiliza rekodi zake za zamani anazoimba na dadake, Catherine Muthoni. Sauti inatoa neno, gitaa linalijibu, sauti inarudi. Besi haikai pahali pamoja ikigonga noti ile ile. Inatembea chini ya sentensi, inapanda pale hoja inapopanda, inatulia mwimbaji anapotaka kusikika vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kikuyu ni lugha ya toni. Neno likipandishwa pasipofaa, msikilizaji analazimika kukisia maana. Kwa hiyo mtunzi mzuri wa Kikuyu hana uhuru kamili wa kubuni lahani. Usemi wenyewe umekwisha kumchorea nusu ya njia. Bendi yake ikimsikiliza, lahani inakaa karibu na mazungumzo, nawe unahisi unaambiwa jambo na mtu unayemfahamu. Uhalisi wa muziki huu ulitokea hapo kabla haujatokea kwingine kokote. Ndiyo maana mwaka 1969 Kamaru alipotoa Ndari ya Mwarimu, kuhusu walimu waliowafanya wanafunzi wapenzi, walimu walikasirika na wimbo ukawa suala la kitaifa. Baada ya J.M. Kariuki kuuawa Machi 1975, aliimba pia juu yake. Nyimbo hizo zilikuwa kesi: zina mshtakiwa, zina ushahidi, zina hukumu. Huwezi kuisikiliza kesi nusu.

Sasa nisieleweke vibaya kwamba natetea ukale. Ukimuuliza shabiki wa kantri wa umri wa kustaafu hapa Thika akupe kipimo cha kantri halisi, kuna uwezekano mkubwa atamtaja Jim Reeves. Lakini Reeves aliyempenda ni kazi ya Chet Atkins, bwana mkubwa wa RCA pale Nashville, ambaye pamoja na Owen Bradley wa Decca waliondoa fidla na gitaa la stili, wakaweka violini na kwaya laini ili kantri iuzike mijini. He'll Have to Go, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa bidhaa iliyosafishwa kwa makusudi, na wakali wa kantri ya mashambani waliilaumu Nashville kwa kuuza roho. Studio hizo zilifanya kazi kwa haraka pia, takriban nyimbo nne katika kikao cha saa tatu. Mbona basi Reeves hasikiki kama mtu bandia? Kwa sababu wapigaji walikuwa chumba kimoja naye. Alipoikaribia maiki na kushusha sauti, besi ilimpisha. Mapambo yalibadilika, ila usikivu ulikuwepo.

Huko huko Marekani usikivu huo umepungua. Mwanzoni mwa 2015 ilisambaa video ya mtunzi Mmarekani, Gregory Todd, aliyechukua nyimbo sita za kantri zilizokuwa zimevuma redioni na kuzipiga zote kwa wakati mmoja. Alirekebisha kidogo tu kasi na ufunguo. Zililingana: beti zilianza pamoja, viitikio vililipuka pamoja, solo ya gitaa ikaingia palepale. Nyuma ya kufanana huko kulikuwa na sababu za kibiashara. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ililegeza masharti ya umiliki wa redio, na kampuni moja, Clear Channel, ikatoka vituo 40 hivi hadi zaidi ya 1,200. Wachache wakichagua nyimbo za nchi nzima, watunzi huandika wakiwalenga wachache hao. Na kiufundi, mwimbaji huimba juu ya mdundo uliokwisha kupangwa kwenye kompyuta. Jimmie Rodgers asingeweza kuongeza mpigo wake hapo. Mashine haimsubiri mtu.

Kwetu hali ilifika kwa njia nyingine. Redio hazikupungua, ziliongezeka: Kameme FM ilianza mwaka 2000, Inooro FM mwaka 2003, na lugha ya Kikuyu ikapata masaa hewani ambayo haikuwahi kuyapata. Kilichoanguka ni soko la santuri la River Road jijini Nairobi, kisha kanda za kuibwa zikamaliza kilichosalia. Bendi ya watu sita ilihitaji mshahara wa watu sita. Mwenye baa akagundua kwamba mtu mmoja na gitaa lake hujaza nyumba vilevile. Mike Rua na Salim Junior ni kati ya walioupa mtindo huo umaarufu, na hao walikuwa na mkono wa kweli. Sina neno nao. Kisha Barabara Kuu ya Thika ikafunguliwa mwaka 2012, majengo ya kupangisha yakaota kutoka Githurai hadi hapa, na kila jengo la tatu likataka burudani wikendi. Mahitaji yalikimbia kuliko wapigaji wanavyofunzika. Kibodi yenye midundo tayari ikaziba pengo.

Tazama sasa seti inavyopangwa, kwa sababu madhara yamo humo. Mwimbaji huchagua ufunguo mmoja na kasi moja, akabonyeza mdundo, kisha anaunganisha nyimbo kumi au zaidi bila kusimama. Kila wimbo hutoa kiitikio na ubeti wa kwanza tu. Wa Kamaru, wa Queen Jane, wa Daniel Kamau, wimbo wa kanisani uliogeuzwa maneno, halafu Kenny Rogers au Dolly Parton kwa Kiingereza, kisha kurudi. Wachezaji wameshikana viuno, treni inazunguka meza, na mdundo ukikatika treni nayo inakatika. Kwa kucheza, mbinu hii ni stadi mno, na atakayeidharau hajajaribu kuwachezesha watu mia kwa saa nne. Lakini kiufundi kila wimbo umelazimishwa kukaa katika vipimo vinne vinne vya kibodi. Ubeti wenye mstari mrefu hukatwa. Pumziko la mwimbaji, pale ambapo gitaa lilikuwa likimjibu, limejazwa na ngoma. Na kesi ya Kamaru inaishia kwenye mashtaka. Hukumu haisomwi kamwe.

Baya zaidi ni kwamba mtindo wa baa umeingia studio. Vijana wanaotunga nyimbo mpya huanza na biti waliyopewa, wakatafuta maneno ya kutoshea. Juu yake huwekwa Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997 kwa ajili ya kunyoosha sauti zilizopinda, ambayo ikikazwa sana husukuma kila noti kwenye ngazi iliyo karibu. Kwa lugha ya toni, ile mipindo midogo ndiyo mazungumzo yenyewe. Ikinyooshwa, mwimbaji wa Gatanga na wa Nyeri wanakuwa mtu mmoja.

Maneno nayo yamefuata. Tunaishi kando ya machimbo ya mawe ya Ndarugo, yaliyojenga nusu ya Nairobi. Tuna mashamba ya mananasi upande mmoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha Juja upande mwingine, viwanda vya Thika vinavyofungua na kufunga, ploti zinazouzwa mara mbili. Kantri ya Marekani ilisimama kwa mambo ya namna hiyo hiyo: mgodi, reli, deni la shamba. Lakini nyimbo zinazopigwa kwenye baa zetu zinaweza kuimbwa popote penye bia na mwanamke mrembo, bila kubadilisha neno.

Mwanamuziki John De'Mathew wa Gatanga alilielewa tatizo la watunzi kwa upande wa mfuko. Aliongoza wenzake kuanzisha Sacco ya wanamuziki, TAMCO, kwa sababu aliona mtunzi anayelala njaa hatatunga, atakopi. Alifariki katika ajali Agosti 2019, karibu na hoteli ya Blue Post hapa Thika, akitoka kwenye harambee ya kumsaidia mwanamuziki mwenzake. Inauma kwamba mtu wa hadhi yake alikuwa bado anachangisha kwa njia ya harambee, ilhali nyimbo za mwenzake na zake zilikuwa zikipigwa kwenye seti usiku huo huo, kotekote kwenye barabara ile.

Umati bado unataka bendi. Samidoh, polisi aliyegeuka nyota wa mugithi, amejaza kumbi ndani na nje ya nchi akiwa na wapigaji nyuma yake, na utaona jinsi wanavyomtazama mdomo kabla ya kubadilisha kordi. Uamuzi wangu ni huu: hatuna upungufu wa vipaji wala wa wasikilizaji, tuna upungufu wa mpiga besi mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba wenye baa wa Witeithie, Juja na Ruiru jambo dogo lenye gharama inayobebeka. Ijumaa moja kila mwezi, ongezeni mshahara wa mtu wa pili, mwenye gitaa la besi, na kibodi ibaki kwenye begi. Wimbo upigwe hadi ubeti wa mwisho, mtunzi atajwe jina kwa maiki, na orodha ya nyimbo zilizopigwa ipelekwe kwa chama cha hakimiliki ili mwenyewe alipwe. Anzeni mwezi huu.