Kadi za Asobu

Neno la jioni ile katika darasa letu la Kijapani lilikuwa asobu, kucheza. Mwalimu wetu, mama wa Kijapani mwenye sauti ya chini, hakuliandika ubaoni. Alitoa kadi mbili za karatasi ngumu: moja ina herufi za hiragana a na so, nyingine ina bu. Akazikutanisha mezani, akasawazisha kingo kwa kidole.

Kisha akaondoa bu. Aso ikabaki palepale. Akaleta ba na nai: asobanai, sichezi, huchezi, hatuchezi, yote humo. Akaleta bi na masu: asobimasu, la adabu. Kila mara alisubiri tusome. Alipofika kwenye asonde alipunguza mwendo, maana hapo bu inageuka kuwa nde, na wengi hujikwaa. Sisi tuliozoea kupachika nafsi na wakati mbele, ni-na-cheza, ilitubidi tujifunze kutazama mkia.

Sentensi aliijenga kwa kusogeza. Kōen, bustani, nyuma yake kikadi chembamba cha de, cha kuonyesha mahali. Tomodachi, rafiki, nyuma yake to, yaani pamoja na. Kila kadi mpya ilipoingia, aliisukuma asobu kulia kwa kiganja, taratibu, mstari usipinde. Kitenzi chao hukaa mwisho. Kōen de tomodachi to asobu.

Mwenzetu mmoja akajaribu: piano o asobu. Mwalimu hakutikisa kichwa. Aliacha piano na o vilivyo, akatoa asobu peke yake, akaweka hiku, kupiga kinanda. Kwa filimbi akaweka fuku, kupuliza. Kwa ngoma, tataku, kugonga. Nikakumbuka kwamba sisi nasi gitaa tunalipiga. Ila mpira tunaucheza, na hapo Kiswahili kingetuponza: wao husema suru, kufanya.

Nililipenda zaidi neno lilipotoka uwanjani. Mtu mzima "aliyecheza" na rafiki Jumapili huenda alikunywa naye kahawa tu wakazungumza. Chombo kisicho na kazi nacho "kinacheza". Fundi wetu akisema tairi linacheza, ameona kasoro. Lakini asobi, yaani kucheza, kwa usukani wa gari, kwa Wajapani, ni ulegevu mdogo ulioachwa kwa makusudi.

Mwisho alipanga kadi nne: asobi, ni, kite, kudasai. Karibuni mtutembelee. Akangoja hadi msomaji wa polepole kuliko wote alipomaliza, ndipo akanyoosha mkono kuzikusanya.